Kabla hujavigawa vitabu vya babu

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Umeuliza lile sanduku la bati la babu yako, lile la vitabu, maana mnahamia nyumba ndogo na halina pa kukaa, je uvigawe shuleni au uvirudishe huku kwangu. Nilitaka nikujibu kwa neno moja nikashindwa, nikawa naandika nafuta, naandika nafuta, ndio maana umeona kimya siku tatu. Sasa vumilia nikusimulie kitu.

Unakumbuka mwaka 1994 nilipokaa Japani miezi minne kwa ile kozi ya uvuvi, wewe ndio kwanza unaanza shule na mama yako akawa anawadanganya kila Ijumaa kwamba baba anakuja kesho. Tulikuwa Kagoshima, kusini kabisa. Jumapili moja wenyeji wetu wakatupeleka Chiran, kamji kenye mashamba ya chai mpaka barabarani, ungesema uko Njombe. Wakati wa vita palikuwa na uwanja wa ndege za jeshi, na mwaka 1945 vijana walikuwa wanaondoka pale na bomu chini ya ndege kwenda kujigongesha kwenye meli za Wamarekani huko Okinawa, safari ya kwenda tu. Siku hizi ni makumbusho, wamebandika picha za marubani 1,036, na 439 kati yao waliondokea palepale. Ukiwatazama ni watoto kabisa, wengine wanacheka.

Mkalimani wetu, mama mmoja wa makamo, akanisimamisha mbele ya picha moja, Uehara Ryoji, akaniambia huyu alikuwa msomaji. Kwao Nagano, alikuwa anasoma uchumi Chuo Kikuu cha Keio kule Tokyo. Mwaka 1943 serikali ikasema wanafunzi nao waende vitani, wa sayansi na uhandisi wakaachwa, wa uchumi, sheria na fasihi wakavishwa magwanda. Yeye akaangukia kwenye urubani. Akaondoka Chiran tarehe 11 Mei 1945, ana miaka 22, na wiki ileile Ujerumani ilikuwa imesalimu amri.

Sasa kitabu chake kipenzi kilikuwa kipi? Kitabu cha Hani Goro, mwanahistoria wa kwao Japani, kinachomhusu Benedetto Croce, yule mwanafalsafa wa Italia aliyempinga Mussolini waziwazi. Yaani rubani wa jeshi la mfalme, katika nchi iliyokuwa upande mmoja na Mussolini, usiku anasoma habari za uhuru! Na usiku wa kuamkia safari yake aliandika kwamba uhuru lazima utashinda, kwamba dola la mabavu linaweza kung'ara kwa muda lakini mwisho linaanguka, akataja Italia, akataja Ujerumani, akasema kesho mtu mmoja anayeamini uhuru anaondoka duniani. Asubuhi akapanda ndege.

Kile kitabu alikuwa amekiacha nyumbani. Na ndani yake amezungushia duara herufi, moja hapa, ukurasa wa mbele nyingine, ukiziokota zote kwa mpangilio zinakuwa maneno, anamuaga msichana wa kwao kwa jina, kwaheri, nilikupenda.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo, mtu akishika penseli juu ya kitabu anaongea na watu wake. Mlikuwa mnaona baba ana kero zake, kakako nilimgombeza mpaka akalia siku ile anasafisha kitabu cha shangazi yenu. Sababu sikuwaambia.

Sababu ni kwamba mimi nilifuta, mwanangu.

Nilikuwa darasa la sita. Babu yako alikuwa na kijitabu cha Zaburi alichokwenda nacho Bama, yaani Burma, na Keya, lile jeshi la Mwingereza, kupigana na Wajapani, hicho kimo kwenye sanduku hata sasa. Kilipita naye bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye yale masika na ile malaria aliyokuwa anasema iliwaangusha wenzake kuliko risasi, kikafika naye Kalewa mwezi wa Desemba, kikarudi. Jioni alikuwa anakaa nacho barazani. Kilijaa alama za penseli, lakini sio mistari mirefu kama ya mtu anayesoma mahubiri, ni neno moja, kurasa mbili hakuna kitu, halafu neno lingine. Siku hiyo shuleni mwalimu alikagua madaftari na vitabu akasema kitabu chenye alama ni cha mtu mchafu. Nikarudi nyumbani, babu yako yuko shamba, nikachukua raba nikakaa chini ya mwembe nikafuta ukurasa kwa ukurasa mpaka giza linaingia. Sikuyasoma hayo maneno hata moja, nilikuwa naona uchafu tu. Nilitaka afurahi.

Nikampa kwa mikono miwili. Akafungua, akageuza kurasa, akarudi mwanzo akageuza tena. Baba yangu yule aliyenichapa kwa ajili ya mbuzi mmoja, siku ile hakunigusa. Akasema, "Umefanya kazi nyingi," akaenda kukiweka sandukuni. Sikumwona tena na penseli, na mimi sikumuuliza mpaka tunamzika.

Ndio nilichokuwa nakiona pale Chiran, sio picha ya Mjapani.

Wakati mwingine najiambia, aa, zilikuwa alama tu za kujua alipofikia. Halafu najijibu, mtu anayeweka alama ya alipofikia hapigii mstari neno moja katikati ya aya, na anaweka moja, haweki mia. Halafu najiuliza angesema nini kuniona namlilia Mjapani, yeye aliyewazika wenzake kwa ajili yao. Na yule kijana naye, alisoma uhuru wote ule na bado akapanda ndege, sasa kitabu kilimsaidia nini? Nina jibu langu hapo, linaniwasha ulimi kweli, lakini mwaka ule mimi sikuwepo wala sikuwa na miaka 22 na bunduki mgongoni, basi nalimeza.

Na kuhusu sanduku nalo nalimeza. Nyumba ni yako na ya mume wako, sitasema gawa wala usigawe, japo ukiniuliza mara ya pili nitasema.

Ila kile kijitabu cha Zaburi, jalada jeusi, kimefungwa uzi, kitoe kwanza. Babu yako alikuwa anakandamiza penseli, raba ilitoa rangi, mikwaruzo ilibaki. Washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa ukurasa, usimulike kwa juu, utaona. Mimi nilipata neno "ndugu" na neno "mto" kabla hili jicho halijaharibika. Mjukuu wangu ashike tochi, wewe uandike kila neno na namba ya ukurasa wake, hata kama halileti maana, unitumie.

Baba yako