Alama ya PG na mtoto wa miaka 5

Umeuliza kama filamu ya njozi yenye alama ya PG (yaani mwongozo wa mzazi unashauriwa) inamfaa binti yako wa miaka 5. Mimi ningeitazama kwanza peke yangu. Bodi ya Uingereza inayopanga filamu kwa umri, BBFC, inasema filamu ya PG haitakiwi kumsumbua mtoto wa takriban miaka 8 na kuendelea. Wako bado hajafika huko.

Usitafute damu tu. Filamu hizi mara nyingi hazina hata tone, ila mzazi wa mhusika anapotea mapema, na hilo ndilo linalomkosesha mtoto usingizi. Kwa umri wake, mpaka kati ya kweli na kubuni haujakaa sawa: zimwi lililochungulia dirishani kwenye filamu, usiku atalingoja dirishani kwake. Muziki nao unatisha sana. Punguza sauti uone tukio linavyopoa. Ndiyo maana napendelea mtoto aanzie nyumbani, rimoti ikiwa mkononi mwako, kuliko kwenye giza la ukumbi wa sinema.

Akisema "zima", zima papo hapo. Kisha msimulie mwisho kwa mdomo, asije akalala zimwi likiwa bado hai.