Muulize Ami Kinyozi: Wembe wa babu wanikata

SWALI: Assalaam aleikum, Ami. Marehemu babu yangu alikuwa baharia, na ameniachia wembe wa kukunja ulioandikwa Solingen shingoni. Ni mdogo hata ndugu zangu wauita wembe wa mwanasesere. Nilimpelekea sonara akanipimia: upana milimita 11, unene wa mgongo milimita 3, uzito pamoja na mpini gramu 31. Nikinyoa wakwaruza, mashavu yawaka kama nimepakwa pilipili, na juzi nimejikata chini ya taya. Je, umekwisha? Nimpelekee yule anoaye visu kwa baiskeli, au niuweke kabatini ninunue mkubwa?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwa mwenye baiskeli usiende, hata akiwa shemeji yako. Jiwe lake la kuzunguka ni la panga na visu vya samaki. Makali ya wembe ni membamba mno. Yakiguswa na jiwe lile huchemka kabla hujamaliza bismillahi, na chuma kikishageuka samawati kimepoteza ugumu, hakikai makali tena. Nimeletewa nyembe tatu za namna hiyo. Mmoja naufungulia magunia ya mchele.

Sasa, umekwisha? Umefanya jambo la maana kwenda kwa sonara, maana jibu limo katika zile namba zake mbili za kwanza. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelazwa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Kwa hivyo gawanya upana kwa unene wa mgongo: wembe mzima hutoa tatu na nusu, nne hivi. Wako watoa tatu na theluthi mbili. Mzima huo. Lau mgongo ungekuwa milimita 4 na nusu, ningekwambia babu alianza na wembe mpana, mawe yakaula miaka na miaka mpaka ukabaki ulimi mwembamba chini ya mgongo mnene. Wembe wa hivyo hata uunoe kutwa, pembe yake imekuwa pana mno, huvuta ndevu badala ya kukata.

Wako ulizaliwa mdogo. Nyembe hizi hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, na tulizozoea sisi vinyozi ni za tano au sita, yaani milimita 16 hadi 19. Wako ni kama tatu na nusu. Zilitengenezwa hivyo makusudi, za kuchukua safarini na za kusawazisha pembe za ndevu, na baharia hakukosea kuupenda: sanduku lenyewe dogo. Na hilo neno Solingen ni mji wa Ujerumani. Tangu 1938 sheria yao yakataza kuliandika kwenye wembe usiotengenezwa huko. Ukiwa ni wa kweli, usiuuze.

Basi kasoro i wapi? Imo mkononi mwako, na usinune, mimi mwenyewe nilipitia. Nilikuwa nimezoea wembe mzito wa marehemu baba hapa Langoni. Siku moja nikaitwa kumnyoa bwana harusi, nikachukua wembe mdogo niliokuwa nimeununua juma hilo, nione watu watasemaje. Wembe mzito hujibeba. Wewe kazi yako ni kuuongoza tu. Ule mdogo nikauona hauzami, nikakandamiza. Nikamchana kidevuni, tone likaangukia kanzu nyeupe, na ndugu zake wote wamesimama pale wanashuhudia. Nilibandika shabu, damu ikakata, lakini maneno hayakukata mpaka Maulidi.

Jahazi lililojaa mbata halishughuliki na kiwimbi. Dau tupu hurushwa na kila wimbi. Wembe wako ni dau tupu. Kila unywele mgumu wausukuma, nawe kwa kutaka kuutuliza wakandamiza, ndipo mashavu yawakapo. Dawa si nguvu. Dawa ni makali yawe bora kuliko ya wembe mkubwa, kwa sababu uzito hautakusaidia.

Anza na ukanda wa ngozi. Mgongo utangulie, makali yafuate, na ukifika mwisho geuza kwa kuviringisha juu ya mgongo, wala usithubutu kugeuza juu ya makali. Mara hamsini kabla ya kila kunyoa si nyingi. Wembe mwepesi hupenda kubingirika vidoleni, basi ushike shingoni kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, usifanye mbio za sinema. Ukanda ukishindwa, tafuta jiwe laini, namba 8000 au 12000, maji kidogo, na uzito wa wembe wenyewe utoshe.

Usoni, vuta ngozi kwa mkono wa pili mpaka itulie, weka wembe kwenye nyuzi 30 hivi, na ushuke kufuata ndevu zilivyolala. Hatua fupi, ncha moja ya kidole. Chini ya taya ndipo wengi hujikata, kwa kuwa ndevu za pale hulala upande; zipapase kwanza ujue zaelekea wapi. Tena wembe mwembamba hujaa povu upesi: suuza kila baada ya hatua mbili, ndani ya maji tu, usigonge ukingo wa beseni. Chini ya pua na kando ya masikio utauona utamu wake, wembe mpana haufiki huko.

Halafu chumvi. Malindi kama Amu, upepo wa bahari hula chuma kilicho wazi. Futa mpaka ukauke, upake tone la mafuta ya cherehani, na usiufunge mpini ukiwa na unyevu ndani, hasa pale kwenye pini. Kutu huanzia pale.

Na mkubwa usinunue bado. Nipe mwezi mmoja.

SWALI: Ami, mjukuu wangu atimiza siku saba Ijumaa, twataka kumnyoa kwa akika. Mume wangu ana wembe mdogo wa kukunja, mwepesi sana. Wafaa kwa kichwa cha mtoto?
Bibi wa watu, Mkomani

JIBU: Hongera, bibi. Huo haufai. Wepesi wake ni mzuri, lakini wembe uliokwisha pita kwenye mashavu ya mtu mzima huwa na damu usiyoiona, na homa ya ini haichagui kichwa. Mpini wake nao haukubali kuchemshwa. Nunueni kiwembe kipya kilichofungwa, nywele zilowe maji ya uvuguvugu, mama amshike kichwa, na utosini msiguse kwa ncha, lazeni wembe. Akisinzia ndipo wakati wake. Nywele zikusanyeni zote kwenye kitambaa, msije mkakosa za kupima fedha ya sadaka; mwaka jana kuna nyumba walifagia kabla ya kupima, wakabaki wanaulizana ziko wapi.