Kabla ya kumwambia mwanafunzi wa udaktari ajipe moyo, muulize amelala wapi

Ushauri mwingi wanaopewa wanafunzi wa udaktari unaanzia kichwani. Jipe moyo. Mtangulize Mungu. Wenzako waliweza, wewe una nini? Niliusikia miaka yote mitano ya shahada, nikausikia tena mwaka wa utarajali, yaani mwaka wa mafunzo kazini, na sasa nikizunguka wodini na wanafunzi nawasikia madaktari wenzangu wakiutoa vilevile. Siupingi. Ila kwa wanafunzi wengi niliowaona wakiporomoka, kichwa kilikuwa cha mwisho kuharibika. Vilitangulia kitanda, sahani na mfuko.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la kupima ubora wa maisha, WHOQOL-BREF, lenye maswali 26 na nyanja nne: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Ndani ya mazingira mna pesa, makazi, usafiri, usalama, hata nafasi ya kustarehe. Sisi tunapomshauri mwanafunzi tunarukia ya pili na kuiacha ya nne, labda kwa sababu maneno ya kutia moyo hayana gharama.

Basi nianze na pesa. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hapa Tanzania anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, lakini hazimfikii kwa siku. Bumu, ndivyo tunavyoziita pesa hizo, linaingia kwa mkupuo, na kila anayeishi karibu na chuo anajua limeingia kwa kuangalia foleni ya chipsi kuku. Wiki chache baadaye watu wale wale wanakunywa chai kavu na kwenda kusimama saa tatu nzima kwenye raundi ya wodini. Mimi nilikuwa nikipata pesa nalipa kodi ya chumba kwanza, kisha namkabidhi mama ntilie hela ya chakula cha mchana cha mwezi mzima. Alikuwa na daftari la wadaiwa. Mimi alinifungulia ukurasa wangu peke yangu, ambao hakunidai hela, alinidai nije nile. Hata mfuko ukikauka, mchana nilikuwa na uhakika wa wali maharage, na mtu aliyekula anajibu maswali ya daktari bingwa kwa utulivu zaidi kuliko mwenye njaa. Wasio na mkopo niliowaona wakimudu walipika kwa zamu, watatu au wanne kwa mtungi mmoja wa gesi.

Kuna jambo la nyumbani ambalo hatulisemi. Ukichaguliwa tu kusoma udaktari, ukoo mzima unaanza kukuita daktari, na daktari huombwa hela. Shangazi ana presha, mdogo wako amerudishwa ada, na wewe una bumu ambalo limeshakatika nusu. Waambie mapema, wala usione haya, kwamba kwa miaka hii unaweza kumsindikiza mgonjwa hospitali au kumsomea karatasi ya majibu, lakini pesa huna. Watanuna kidogo, kisha watazoea.

Kitanda nacho. Wenye kubebana hosteli, wawili kwenye godoro la mmoja, wanajua ninachosema. Ukiweza kuchagua, chagua chumba kibovu kilicho karibu na hospitali kuliko kizuri kinachokudai daladala mbili alfajiri. Saa moja na nusu ya foleni kwenda na nyingine kurudi ni usingizi unaouacha barabarani kila siku. Mtu mzima anahitaji walau saa saba, na mwanafunzi wa udaktari hana mwili tofauti. Nakumbuka tulivyokuwa tukipiga msuli usiku kucha mwaka wa kwanza, miguu ndani ya beseni la maji tusisinzie, tukikariri mishipa ya fahamu ya mkono. Kulipopambazuka tulibaki na macho mekundu na nusu ya majina. Kilichonisaidia baadaye ni kufunga desa, yaani karatasi za notsi, na kujiuliza maswali, au kumfundisha mwenzangu bila kuangalia popote, kisha kulala. Ubongo hupanga tulichosoma wakati tumelala, hivyo anayekesha kabla ya mtihani anajinyang'anya kazi aliyokwisha kuifanya. Na ukitoka zamu ya usiku, usipande bodaboda huku unasinzia. Tafuta kona ulale kwanza.

Sasa sindano, ambayo mazungumzo ya ustawi huwa hayaigusi kabisa. Mwanafunzi anaingia wodini mwaka wa tatu, anajifunza kutoa damu usiku, taa hafifu, mgonjwa anahangaika, anajichoma. Wengi hunyamaza. Wanaogopa kuonekana wazembe, wanakaa na hofu peke yao miezi mitatu, hawali, hawalali, na sisi tunasema mtoto ana msongo wa mawazo. Pata chanjo ya homa ya ini B kabla hujagusa mgonjwa, dozi zote tatu. Zinachukua miezi sita, kwa hiyo mwaka wa kwanza ndio wa kuanzia. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa hapo hapo. Dawa kinga za VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha unazimeza siku 28. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa kuchomwa sindano yenye damu ya mwenye virusi ni takribani watatu katika elfu moja, hata bila dawa. Kuijua hesabu hiyo usiku ule ule ni tiba ya nusu ya hofu.

Kuhusu marafiki sitasema mengi. Uwe na watu wasiojua sapu, yaani mtihani wa kurudia, ni nini. Mimi nilikuwa na kwaya ya mtaani, watu wa sauti ya nne, mafundi cherehani na wauza nyanya, waliokuwa wakinigombeza kwa kuchelewa mazoezi na si kwa kusahau dalili za homa ya uti wa mgongo. Wazee wa fani watakwambia hakuna muda wa hayo, wao waliteseka na wakapona. Tangu mwaka 2017 kiapo cha madaktari cha Geneva kina sentensi inayomtaka daktari aangalie afya na ustawi wake mwenyewe ili atoe huduma bora. Wakumbushe kwa heshima, au nyamaza uende kwaya.

Na kuna wakati umekula, umelala, kodi imelipwa, na moyo bado mzito. Hapo ndipo kichwa kinahitaji tiba yake. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2016, wenye tafiti kutoka nchi 43, ulikuta takribani asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake, na asilimia 11 walikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya wenye dalili hizo za sonona, waliotafuta tiba walikuwa kama asilimia 16 tu. Sishangai. Daktari wa afya ya akili wa hospitali unayofundishiwa ndiye atakayekutahini mwaka wa nne, na kwenye benchi la kliniki yake wamekaa wenzako wa darasa. Basi nenda hospitali nyingine. Si lazima utibiwe mbele ya mwalimu wako. Usijiandikie dawa za usingizi wala kuchukua tramado, dawa kali ya maumivu, duka la jirani. Nimeona zinapowafikisha watu. Na kama unawaza kufa, usilale peke yako leo. Mwambie mwenzako wa chumbani kwa maneno hayo hayo, mwende wote idara ya dharura.

Dalili za mtu anayeporomoka si machozi peke yake. Mtu mpole anakuwa na hasira, anachelewa raundi, anamwita mgonjwa kwa namba ya kitanda, hacheki tena vichekesho vya darasani. (Kujigundulia uvimbe kwenye ubongo baada ya kusoma sura ya uvimbe hakumo, hiyo kila mwaka wa tatu anaipitia.)

La mwisho ni la karatasi. Vyuo vyetu vina utaratibu wa kuahirisha mtihani au mwaka kwa sababu ya ugonjwa, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Lakini barua na taarifa ya daktari vifike ofisini kabla ya mtihani. Ukishaingia, ukaanguka, ndipo ukaeleza kwamba ulikuwa unaumwa, kamati itakusikiliza kama inavyosikiliza kila aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli. Kama huna nguvu ya kuandika barua hiyo, mpe mwenzako aiandike, wewe weka sahihi.