Muwasho wa Sehemu za Siri kwa Mwanaume: Tazama Kwanza, Paka Baadaye

Wanaume wengi wakiwashwa sehemu za siri hupaka krimu yoyote iliyo karibu. Hapo ndipo tatizo dogo hukua, kwa sababu vinavyowasha ni vingi, na dawa ya kimoja huchochea kingine.

Shika kioo kidogo, simama penye mwanga, jitazame. Fangasi wa kinena hukaa kwenye mikunjo ya mapaja: doa lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pamefifia, na mara nyingi mfuko wa korodani hauguswi. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Doa huwa la kahawia iliyokolea au la kijivu. Mfuko wenyewe ukikauka na kuchoma, shuku sabuni, manukato au dawa ya kuua vijidudu. Kichwa cha uume kikivimba na kuwa na utando mweupe chini ya govi, huenda ni fangasi aina ya kandida. Vipele vigumu vinavyowasha zaidi usiku, na mwenzako naye anajikuna? Huo ni upele wa kuambukizana. Mtibiwe wote kwa pamoja.

Fangasi wa kinena hupakwa klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, ya asilimia 1, mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4. Ipitishe dawa kama sentimita 2 nje ya ukingo. Kosa kubwa ni kuacha siku muwasho unapokoma, wakati fangasi bado wamo kwenye ngozi. Kagua pia katikati ya vidole vya miguu: chupi ikipita hapo, hupandisha fangasi hadi kinenani. Tibu miguu pia, na vaa soksi kabla ya chupi.

Krimu zenye steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, zisizoua fangasi), kama betamethasoni au klobetasoli, ndizo tunazoziogopa zaidi hapa. Muwasho hutulia kwa siku chache huku fangasi wakisambaa, ukingo unafutika, na hata daktari hupata shida kuutambua ugonjwa. Ngozi ya mfuko wa korodani hunyonya haidrokotisoni, ambayo nayo ni steroidi, takriban mara 40 zaidi kuliko ngozi ya mkono. Ukizidisha steroidi, ngozi hiyo inakonda na kubaki inaungua.

Kama chanzo ni sabuni, iache kabisa. Osha kwa maji ya uvuguvugu pekee, kausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando kidogo. Kumbuka, mafuta hayo hudhoofisha kondomu za mpira, na krimu nyingi za fangasi hali kadhalika. Mwenye govi alivute taratibu, aoshe, akaushe, halafu alirudishe mahali pake. Likikwama nyuma hukaba na kuvimbisha kichwa cha uume. Hiyo ni dharura.

Kandida ikijirudia, pima sukari. Kidonda, hata kisichouma, au usaha: nenda kliniki bila kupaka chochote. Maumivu makali, uvimbe unaosambaa haraka, homa au ngozi kugeuka nyeusi: kimbilia hospitali saa hiyohiyo.