Nimeambiwa mimi ni fotokopi: je, niache kuiga solo za wengine?

SWALI: Habari yako Mwalimu. Nina miaka 19, naishi Umoja hapa Nairobi, na napiga gitaa la umeme mwaka wa tatu sasa, rock na blues. Mpigaji ninayempenda kuliko wote ni Stevie Ray Vaughan. Solo zake sita nazijua noti kwa noti, nilizipata kwa video na zile namba za freti za kwenye intaneti. Mwezi uliopita tulipiga mahali na bendi yetu, tukishuka mzee mmoja mwanamuziki akaniambia, "Wewe ni fotokopi." Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nimeacha nyimbo za watu, nataka kutunga vyangu tu, lakini kila nikishika gitaa vidole vinarudi palepale. Nifanyeje? Halafu, nikinunua pedali ya kijani kama yake, itanisaidia ama itazidisha ufotokopi?

JIBU: Kijana wangu, rudi kwenye nyimbo za watu leo jioni. Mzee yule alisikia kitu cha kweli, lakini dawa uliyojipa ni ya ugonjwa mwingine. Vidole vyako vinarudi palepale kwa sababu ndipo mahali pekee vinapopajua. Ukivinyima njia mpya vitazunguka katika ua huohuo mpaka uchoke, na siku utakayochoka utaliuza gitaa. Nimeona vijana wazuri wakiliuza kwa sababu hiyohiyo, na bado inanisikitisha.

Nikisoma barua yako naona mambo mawili. Uliiga kwa macho, na uliiga mtu mmoja tu.

Tuanze na macho. Namba ya freti, yaani ya kile chuma cha shingoni, inakuambia kidole kikae wapi. Haikuambii uzi uvutwe kiasi gani, upigwe kwa nguvu gani, wala uachiliwe lini. Chukua gitaa sasa hivi. Shika uzi wa tatu kwenye freti ya saba. Hiyo ni D. Uvute toni nzima, yaani umbali wa freti mbili, upate E. Sasa piga uzi wa pili kwenye freti ya tano, nayo ni E ileile. Zimelingana? Wengi wanaokuja kwangu mvuto wao hukomea chini kidogo, na hawana habari, maana karatasi ilichora mshale nao wakaamini wamefika. Fanya hivyo mara ishirini, ukipiga noti ya kulinganishia baada ya kuvuta, si kabla. Sikio lako ndilo litangulie.

Ukiwa hapohapo, shuka kwenye freti ya tano ya uzi wa tatu. Hiyo ni C. Ukipiga blues ya A, mpigaji mzoefu haiachi C hiyo ikae imetulia. Huisukuma kidogo tu, kama robo toni, ikaning'inia kati ya C na C-shapu. Mmoja huisukuma mara tu anapoigusa, mwingine huingoja ikaribie kufa ndipo aisukume, mwingine huipandisha karibu ifike juu kabisa. Katika robo toni hiyo ndimo mtu anamojulikana, na ndiyo ambayo karatasi haiwezi kukuandikia. Wewe una solo sita za Vaughan bila robo toni zake. Ndiyo maana mzee alisikia karatasi.

Mimi nilijifunza kwa kaseti. Redio yetu ilikuwa ya betri, na betri zikipungua nguvu kaseti huzunguka polepole na muziki wote hushuka. Nilikaa wiki nzima nikijifunza solo moja hivyo, usiku baada ya usiku, na nilipokwenda kuipigia kwenye redio ya jirani iliyokuwa na umeme nikakuta niko chini kwa karibu nusu toni. Nililia kwa hasira. Lakini kwa sababu sikuwa na namba za kusoma, ile solo ilikuwa imeniingia kama wimbo, na kuihamisha juu kulinichukua robo saa. (Baadaye ndipo nikajua kwamba Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa Marekani, na huyo Vaughan wako walizoea kushusha gitaa zima nusu toni kwa makusudi. Kama bado hujashusha lako, shusha, uone nyuzi zinavyolainika na kuvutika.)

Kwa hiyo fanya hivi. Usichukue solo nzima. Chukua kifungu kimoja, sekunde nne au tano. Simu yako inaweza kukipunguza mwendo hadi nusu bila kushusha noti zake. Kisikilize mara kumi gitaa likiwa ukutani, kisha kiimbe. Kiimbe kimoyomoyo kwenye matatu ukitoka Umoja hadi mjini, foleni ya Jogoo Road itakutosha. Ukiweza kukiimba pamoja na mivuto na kimya chake, ndipo ushike gitaa ukitafute, na ukitafute mahali patatu tofauti kwenye shingo. Noti zitakuwa zilezile, lakini mahali pamoja zitakuwa nene, pengine nyembamba. Uchague wewe. Hapo tayari umeshaanza kuamua mambo yako, na bado unaiga.

Sasa tuje kwa huyo mtu mmoja. Vaughan unayempenda alikuwa mwigaji mkubwa, tena hadharani. Alimwiga Albert King, mkongwe wa blues, alimwiga Hendrix. Alipiga gitaa kwenye albamu ya mwimbaji David Bowie, Let's Dance, iliyotoka mwaka 1983, na anayemjua King husikia mle vifungu vya King moja kwa moja. Desemba ya mwaka huohuo wakakalishwa wawili hao katika studio ya televisheni huko Hamilton, Kanada, wakapiga pamoja. Ile rekodi ipo, itafute. Wanapiga vifungu vya ukoo mmoja, wimbo mmoja, jukwaa moja, na bado ukifumba macho huwezi kuwachanganya.

Kwa nini? Tazama mikono. King alikuwa wa mkono wa kushoto akapindua gitaa bila kubadilisha mpangilio wa nyuzi, kwa hiyo nyuzi nyembamba zilikuwa juu na yeye akizivuta kushuka chini, kwa uzito wa mkono mzima. Alidonoa kwa kidole gumba, hakutumia piki (kibapa cha kupigia nyuzi), na aliziweka nyuzi zake chini ya kiwango cha kawaida. Vaughan alitumia nyuzi nene, mara nyingi uzi wa kwanza wa 013 (yaani unene wa inchi 0.013), akazisukuma kwenda juu, akapiga piki kwa nguvu kama anayefukuza kitu. Alikuwa akitafuta sauti ya King kwa mkono usiokuwa wa King. Asingeweza kuifikia kamwe, na pale alipoikosa ndipo tunapomsikia yeye. Wewe nawe huna mkono wa Vaughan, wala nyuzi za 013, wala ampu zake, zile mashine za kukuza sauti ya gitaa. Ukiifuata sauti yake kwa sikio, utaikosa kwa namna yako. Ukiifuata kwa namba, huwezi hata kuikosa vizuri, maana namba zako na za kila kijana mwingine ni zilezile.

Kazi yako ya mwezi ujao ni kupanda mto. Msikilize yule ambaye Vaughan alimsikiliza, yaani King, kisha uone nani wengine walichota kwake. Eric Clapton, katika wimbo wa bendi yake Cream uitwao Strange Brew wa mwaka 1967, alipiga solo iliyofuata mtindo wa King karibu hatua kwa hatua. Halafu kijana mmoja huko California, Eddie Van Halen, akakaa na rekodi za Cream akazijifunza solo za Clapton noti kwa noti, kama wewe. Albamu ya kwanza ya bendi yake ilipotoka mwaka 1978 watu walishangaa mikono yote miwili ikigonga shingo la gitaa. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, lakini yeye ndiye aliyeifanya dunia iitake. Kilichofuata kinanisikitisha mpaka leo: miaka ya themanini vijana wengi mno wakachukua kule kugonga tu na kuacha kila kitu kilichokuwa chini yake. Walichota kwenye ndoo, mtoni hawakufika. Kwangu mimi, sikio la Van Halen lilikuwa zaidi kwenye mkono wa mdundo, na huo hawakuusikiliza.

Lakini neno ambalo natamani ulishike kuliko yote ni hili: iga visivyo gitaa.

Hapa kwetu tuna ushahidi mkubwa kuliko popote. Benga imetoka wapi? Imetoka kwa wapiga gitaa waliotaka nyuzi za chuma ziseme kama nyatiti, ile ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji hudonoa huku akigonga mti wake kwa pete ya chuma aliyovaa kidoleni mwa mguu. Zile noti fupifupi zinazokimbizana za gitaa la benga hazikuzaliwa kwenye gitaa. Ni uigaji wa kupita kiasi, kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na njiani kikazaliwa kitu ambacho hakikuwepo. George Mukabi naye, na wenzake wa magharibi mwa Kenya, walidonoa kwa gumba na kidole cha shahada, gumba likishika besi na shahada ikiimba, pembeni mtu akikwaruza chupa ya soda kushika mwendo. Wao pia walikuwa na masikio yao kwa wengine, kina Mwenda Jean Bosco wa Kongo, ambaye rekodi zake za kuanzia 1952 zilienea Afrika Mashariki yote.

Sikwambii utie benga katika rock ili watu wajue wewe ni Mkenya. Nimesikia bendi zikifanya hivyo kama anayebandika stempu, na ulimi unasikia gundi. Nakwambia uone njia waliyopita.

Tom Morello, mpiga gitaa wa bendi ya Rage Against the Machine, alipita njia hiyohiyo. Baba yake ni Mkenya, mwanadiplomasia Ngethe Njoroge, ingawa yeye alizaliwa na kukulia Marekani. Alianza gitaa kwa dhati akiwa na miaka 17, kuchelewa kuliko wewe, na alifanya mazoezi ya saa nyingi kila siku. Kilichomfanya ajulikane, hata hivyo, ni kwamba aliacha kuwasikiliza wapiga gitaa peke yao akawasikiliza madijei wakikwaruza santuri. Gitaa lake lina vifundo viwili vya sauti. Kimoja alikifunga kabisa, kingine akakifungua, kisha akawa anakipeleka kiswichi huku na huku kwa kasi, sauti ikikatika na kurudi, mkono mwingine ukisugua nyuzi. Gitaa likasema kama santuri. Kama lako lina kifundo kimoja tu cha sauti, hila hiyo haitakubali mpaka fundi akuongezee swichi, lakini usiharakie hila yake. Ni yake.

Tafuta iliyo karibu nawe. Nilikuwa na mwanafunzi, msichana, aliyekuja na tatizo lako hasa, yeye akiwa amenasa kwa Hendrix. Nikamwambia anirekodie kwa simu mama anayeongoza pambio kanisani kwao. Tukasikiliza. Yule mama haanzi mstari pamoja na kinanda. Anakiacha kipite, anachelewa kwa pumzi moja, kisha anaanza chini ya noti na kuipanda taratibu, na anapofika juu hatetemeshi sauti mpaka mwishoni kabisa. Tukalitafuta hilo kwenye uzi wa pili, freti moja baada ya nyingine. Ilituchukua majuma matatu, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimezoea kutetemesha mara tu kinapogusa. Siku ilipokubali, alilirudisha kwenye blues aliyokuwa akipiga siku zote, distoshoni, ule mngurumo wa gitaa la rock, imewaka, na mimi sikumsikia Hendrix wala sikusikia kanisa. Nilisimama nikafunga dirisha ili matatu za nje zisiniharibie.

Wewe una nani? Kondakta anayeita abiria kwa sauti ileile kila asubuhi, mpiga filimbi, shangazi anayesimulia matanga. Rekodi, imba, tafuta.

Kuhusu pedali ya kijani, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa: hela hizo zishike kwanza. Pedali ile haingurumi sana peke yake, kazi yake kubwa ni kuisukuma ampu ambayo tayari imefunguliwa karibu kuchemka. Kwenye ampu ndogo ya chumbani iliyowekwa sauti ya chini utapata mlio mwembamba wa pua tu, na utadhani umeuziwa bandia. Tena utaanza kusikia pedali badala ya kidole chako, na kidole ndicho tunachokitengeneza kwa sasa. Fanya miezi miwili na sauti safi, bila distoshoni yoyote. Itakuonyesha kila mvuto usiofika.

Hela kidogo uitumie kwenye nyuzi. Kama zimeshika kutu hazivutiki sawasawa, na hutajua kosa ni la sikio au la chuma. Usinunue 013 kwa sababu ya Vaughan. Anza na 009 au 010. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, akatafuta nyuzi nyepesi na baadaye akazilegeza toni moja na nusu ili zisimuumize, na mlio mzito wa rock ya leo umetoka kwenye nyuzi hizo laini. Mwombe fundi akutazamie pia kile kipande ambamo nyuzi hupitia kuelekea kwenye funguo. Kikiwa kimebana, uzi ukiuvuta haurudi mahali pake. Na ukishaweka nyuzi mpya, zinyooshe kwa mkono mojamoja na kuzityuni tena, mara tatu au nne, maana siku ya kwanza hulegea zenyewe, na wewe utakuwa unalinganisha D na E ukidhani sikio ndilo limekosea.