Uzi Mwekundu wa Dunga: Kwa Wanaoanza Mada ya Mawimbi

Wadogo zangu mnaoanza fizikia, nimefundisha mawimbi hapa Kisumu muda wa kutosha kujua mtakapojikwaa. Ni kwenye neno "urefu". Kwa Kiswahili chetu mlingoti ni mrefu na kamba nayo ni ndefu, basi mwanafunzi akisikia "urefu wa wimbi" anawaza jinsi maji yalivyoinuka. Sivyo. Urefu wa wimbi unalala: ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Kinachosimama ndicho amplitudi.

Nendeni Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, asubuhi ziwa likiwa limetulia. Tafuteni mti uliochomekwa majini wa kufungia mitumbwi, mfunge uzi mwekundu pale hasa maji yanapougusa. Rudini alasiri upepo ukivuma. Tuseme maji yanapanda sentimita 20 juu ya uzi, kisha yanashuka sentimita 20 chini yake. Amplitudi ni ngapi? Kila mwaka darasa hunijibu 40. Ni 20, kwa kuwa tunapima kutoka kwenye uzi, yaani mahali pa utulivu, hadi kileleni. Nilipokuwa kidato cha pili nilipoteza alama kwa kosa hilihili, na hakuna aliyenieleza sababu. Nilipigiwa mkasi tu. Ndiyo maana nawasisitizia uzi.

Jambo la pili lisikilizeni kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Gusa uzi mmoja polepole, kisha uuvute kwa nguvu. Mara ya pili utauona umetanuka kama kivuli chembamba, na sauti ni kubwa zaidi, lakini noti ni ileile. Amplitudi imeongezeka, masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, hayakubadilika. Kwa hiyo swali likisema amplitudi imeongezwa maradufu, msikimbilie kubadilisha masafa wala kasi. Kasi huamuliwa na kile wimbi linamopita.

Kinachobadilika sana ni nishati, nayo hufuata mraba wa amplitudi. Amplitudi mara 2, nishati mara 4. Mara 3, nishati mara 9. Mvuvi anayeogopa wimbi lililozidi la jana kidogo tu ana haki kabisa. Na mmeona magugumaji yakitanda ufuoni? Wimbi likipita humo hunyang'anywa nishati, likafika nchi kavu limenyong'onyea, ingawa idadi ya mawimbi kwa dakika ni ileile.

Kwenye grafu, someni kwanza mhimili wa ulalo. Ukiwa ni umbali, kilele hadi kilele ni urefu wa wimbi. Ukiwa ni muda, ni kipindi, yaani muda wa wimbi moja kukamilika. Wengi huchanganya hapo. Amplitudi husomwa kwenye mhimili wa wima katika grafu zote mbili, kwa hiyo anzeni nayo, na kabla ya kuandika namba yoyote chukueni penseli mchore mstari wa utulivu, hata kama mtahini hakuuchora.