Biodizeli yangu inang'aa, bado nipime?

SWALI: Natengeneza biodizeli kidogo kidogo kwa mafuta yaliyokwisha kaangiwa, inatoka safi kabisa. Sasa kuna mteja anataka ila anadai cheti cha maabara. Kwani macho hayatoshi?

JIBU: Hayatoshi ndugu yangu, inaweza kung'aa kama asali na ndani bado kuna mafuta ambayo hayajageuka, ndo hayo yanakuja kuziba nozeli za watu (vile vitundu vya kupulizia mafuta kwenye injini). Anza na jaribio la 3/27: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli (ile spiriti unayotengenezea biodizeli), joto kama nyuzi 20, tikisa halafu iache itulie. Ukiona tone limezama chini, kazi haijaisha, rudia kuipika (methanoli ni sumu na inashika moto upesi, usifanyie jikoni tafadhali).

Ila hilo ni la kujipima mwenyewe tu. Ukishauza unaingia kwenye viwango, Marekani ni ASTM D6751, Ulaya EN 14214 ambayo maji yasizidi miligramu 500 kwa kilo, hapo maabara huikwepi. Gharama inauma kweli, kwa hiyo mapipa yaliyofaulu 3/27 yamimine tenki moja, yachanganyike vizuri, upime sampuli moja, na ukishaitoa usiongeze kitu humo.